Kikombe kilichogoma: kisa cha baiskeli moja ya mbio ya Kifaransa

Kisa hiki ni cha karakana ya kujitolea ya baiskeli, katika mji mmoja wa Ufaransa ninakoishi. Nimeondoa jina la mteja, la duka lililoishika baiskeli kabla yetu, la karakana yetu na la kiwanda kilichoitengeneza. Mambo mawili matatu yasiyohusu ufundi nimeyabadilisha. Vipimo sikuvigusa, maana ugomvi wote ulikuwa wa vipimo.

Usuli

Mteja ni mtu wa pwani, ana miaka sitini na ushei. Karakana nzima tunamwita Mzee. Hata Wafaransa wamelishika neno hilo wakidhani ndilo jina lake. Jumapili moja alinunua kwenye mnada wa vitu vya kale baiskeli nyeupe ya mbio kwa euro 120. Muuzaji alimwambia ni ya mashindano, ya miaka ya sabini. Alipoipanda kurudi nyumbani, kila pedali ya kulia iliposhuka alisikia mkwaruzo, kama mtu anayetafuna wali wenye mchanga.

Akaipeleka dukani. Siku ya tatu akapigiwa simu aje aichukue. Jibu lilikuwa fupi: kikombe cha kulia cha ekseli ya pedali hakifunguki, spea hazipo, na baiskeli za Kifaransa ndivyo zilivyo. Akaja kwetu ameibeba begani, na vipande vyake vimo kwenye mfuko wa nailoni.

"Mwanangu fundi, niambie ukweli. Nimeuziwa mkweche?"

Swali lake lina historia ndefu kuliko alivyojua. Baiskeli za mbio za Kifaransa zina sifa mbili zinazokaa nyumba moja bila kusalimiana. Ya kwanza ni ya ubingwa. Kati ya 1975 na 1984, bingwa wa Tour de France alishinda juu ya baiskeli ya Kifaransa miaka 9 kati ya 10: Thévenet na Peugeot mwaka 1975 na 1977, Van Impe na Gitane mwaka 1976, Hinault na Gitane mara 4, kisha Fignon na Gitane 1983 na 1984. Mwaka 1980 peke yake ndipo Zoetemelk alipopenya na Raleigh ya Waingereza. Baada ya hapo ilikuja kaboni, na huko pia Wafaransa walitangulia: LeMond alishinda 1986 juu ya fremu ya kaboni ya Look, kampuni ileile ambayo pedali zake za kunasa kiatu Hinault alishinda nazo 1985.

Sifa ya pili utaisikia kwa makanika. Mtajie baiskeli ya Kifaransa ya miaka ya sabini, atavuta pumzi kabla hajakujibu. Atakutajia thredi, yaani michirizi ya skrubu, zisizooana na kitu chochote cha leo. Atakutajia gia za Simplex za plastiki ya Delrin, nyepesi na laini zikiwa mpya, ila zikizeeka hupasuka. Akiwa mtu mzima atakukumbusha pia mwanzo wa miaka ya sabini, Wamarekani walipovamia maduka ya baiskeli wakanunua takriban milioni 15 kwa mwaka 1973 peke yake. Viwanda vya Ufaransa vilisukuma kila kilichoweza kubeba mtu kuvuka Atlantiki, na Mmarekani aliyepata baiskeli yake ya kwanza ya gia 10 ikiwa na gia ya plastiki na rimu za chuma hakupata nafasi ya kujua kwamba kiwanda hichohicho kilikuwa kinaunganisha fremu za mabingwa.

Baiskeli yenyewe

Tuliipima kilo 10 na kidogo, hesabu nzuri kwa chuma cha enzi hiyo. Kwenye bomba la kiti kulikuwa na masalia ya kibandiko cha Reynolds 531, na viungo vya fremu vimechongwa kwa tupa kingo zake zikawa nyembamba kama ukucha. Hiyo 531 ni chuma cha Birmingham, tangu 1935. Kwa hiyo nyama ya baiskeli hii ya Kifaransa ilikuwa ya Kiingereza, ikavutwa kwa kipimo cha Kifaransa: bomba la kiti lilikuwa na kipenyo cha milimita 28.0, wakati la Kiingereza ni 28.6.

Fremu nzima, rimu nzima, krenki (mikono inayobeba pedali) nzima. Gia ya nyuma ilikuwa ya plastiki na ina ufa unaoonekana kwa macho. Shingo ya usukani ilikuwa ndefu mno kwa Mzee, na alikuwa ameshanunua nyingine mpya ambayo haikuingia. Alikuja nayo, pamoja na nyundo. Nyundo nikaiweka mbali kwa heshima zote.

Kilichotokea

Msomaji asiyeshika spana anahitaji jambo moja hapa. Ekseli ya pedali inakaa ndani ya bomba fupi chini ya fremu, na kila upande wa bomba hilo kuna kikombe cha chuma kinachoshikilia gololi. Vikombe vinaingia kwa thredi. Kwa kipimo cha Kiingereza, ambacho ndicho dunia ilikuja kukifuata, kikombe cha kulia kina thredi ya kinyume: unakifungua kwa kuzungusha kufuata saa. Mimi mkono wangu ulifundwa chini ya mwembe, kwenye Raleigh na Phoenix, na nilijua hilo kabla sijajua kusoma venia, kile kifaa cha kupimia vipenyo. Kwa kipimo cha Kifaransa vikombe vyote viwili vina thredi ya kawaida, kipenyo milimita 35, hatua (umbali wa mchirizi hadi mchirizi) milimita 1. Cha kulia unakifungua kinyume cha saa.

Fundi wa dukani alifanya ambacho mkono wangu nao ungefanya. Alishika spana ndefu, akazungusha kufuata saa. Yaani alikaza. Akaongeza bomba kwenye mpini, akakaza zaidi, mpaka bapa za kikombe zikaviringika na spana ikakosa pa kushika.

Jioni ya kwanza nilisafisha uso wa kikombe kwa brashi ya waya nikaona muhuri: 35 x 1. Nikafurahi kama mtu aliyeokota pochi. Kwa kuwa bapa zilikuwa zimekwisha, tulitumia mbinu ya zamani: boliti nene inapita kwenye tundu la kikombe, washa nene nje na ndani, nati inabana, boliti na kikombe vinakuwa kitu kimoja, kisha unazungusha boliti. Nilizungusha kinyume cha saa. Boliti ikateleza. Nikatia mafuta ya kulegeza kutu, nikaacha siku mbili. Ikateleza tena.

Hapo ndipo shaka iliponiingia, na ilikuwa na msingi. Kuna kipimo cha tatu, cha Kiswisi. Nacho ni 35 x 1, lakini kikombe chake cha kulia ni cha kinyume kama cha Kiingereza, na baadhi ya baiskeli za Kifaransa, hasa Motobécane, zilitoka nacho. Muhuri ule niliousherehekea ulikuwa haujanijibu swali lenyewe. Ulikuwa umeniambia unene tu, mwelekeo haukuusema.

Nikageuza, nikazungusha kufuata saa. Chombo kikashika vizuri ajabu, na kikombe kikasogea! Kama unene wa ukucha, lakini kilisogea. Nikapiga kelele kwamba kinakuja. Kisha kikasimama kama kimepigiwa lehemu.

Mwenzangu, Mfaransa mstaafu wa kiwandani ambaye huongea mara tatu kwa jioni, aliniuliza nimejuaje kwamba kile ni Kiswisi. Sikuwa nimejua. Nilikuwa nimechoka upande mmoja nikajaribu wa pili. Na chombo kilishika vizuri nilipozungusha kufuata saa kwa sababu nyepesi sana: boliti ya kawaida hujikaza kwa upande huo, na kwa upande wa kinyume hujilegeza yenyewe. Wepesi ule ulikuwa wa boliti, nami nikaudhania wa kikombe.

Yeye ndiye aliyeleta udongo wa kuchezea wa wajukuu zake, wa rangi ya chungwa. Ndani ya bomba, thredi za fremu zilipita mbali kidogo kuliko mwisho wa kikombe, kwa hiyo kulikuwa na michirizi mitatu minne iliyo wazi. Alikandamiza donge moja pale kwa kidole, akakandamiza jingine upande wa kushoto ambako kikombe kilikwishatolewa, akayachomoa taratibu na kuyalaza mezani chini ya taa. Michirizi ya kushoto iliinama upande mmoja. Ya kulia iliinama upande uleule. Uzuri wa jambo hili ni kwamba hata ukiligeuza donge juu chini, mwinamo haubadiliki, kwa hiyo hakuna pa kuchanganyikiwa. Thredi za pande mbili zilikuwa ndugu. Baiskeli ilikuwa ya Kifaransa tupu, na mimi nilikuwa nimemsaidia fundi wa dukani kukaza.

Maamuzi na sababu zake

Kwanza, kurudi kinyume cha saa, safari hii kwa chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya upande huo. Tuliweka nati mbili zilizobanana ili boliti isijilegeze, tukapasha bomba kwa hewa ya moto, tukafunga boliti kwenye jiliwa na kuigeuza fremu yenyewe kama usukani wa lori, watu wawili. Kilipasuka mlio kama mfupa wa kuku, tukadhani tumevunja fremu. Kilikuwa kikombe kinaachia.

Njia ya gololi ndani ya kikombe ilikuwa na vishimo viwili, kila kimoja sawa na kichwa cha kiberiti. Mchanga wa Mzee ulikuwa ndio huo.

Pili, tuweke nini badala yake. Mmoja wetu alitaka bomba litanuliwe kwa tapu, chombo cha kukatia thredi, liwe la Kiitaliano, milimita 36, kisha lipokee spea zinazouzwa mpaka leo. Inawezekana, na wengi wamefanya. Nilikataa kwa sababu thredi za fremu zilikuwa nzima, na chuma ukishakikata hakirudi. Kwenye kopo la spea alilotuachia fundi mmoja aliyefunga duka tulipata jozi ya vikombe vya 35 x 1 visivyotumika. Tuliweka gololi 11 kila upande, za robo inchi. (Ndiyo, inchi. Taifa lililoipa dunia mita lilitengeneza baiskeli ya milimita kila mahali, isipokuwa gololi zake, na cheni yake ya nusu inchi.) Kikombe cha kulia tulikipaka gundi ya thredi, tukakikaza kwa nguvu zote.

Tatu, shingo ya usukani. Mpya ilikuwa 22.2, foki ya Kifaransa inataka 22.0. Ukiipiga nyundo inaingia, na haitoki tena. Nilikaa saa nzima na msasa nikiizungusha sehemu inayozama ndani ya foki, napima, nazungusha, napima. Mzee alikuwa amekaa pembeni akinihesabia, "ishirini na mbili nukta moja tano, mwanangu, bado", kama mtu anayesubiri pilau.

Nne, pedali. Tundu za krenki zilikuwa milimita 14, pedali za leo ni inchi 9/16, yaani 14.29. Hapa nilikubali kukata: tapu ilipita, tofauti ni ndogo, na Mzee ana goti bovu linalohitaji pedali pana za kisasa. Mwenzangu hakufurahi. Gia tuliibadilisha na nyingine ya kiwanda kilekile, ya chuma, kutoka kwenye baiskeli iliyokufa. Sehemu ya fremu inayoshika gia ilitengenezwa kwa ajili ya kiwanda hicho, na kuifanya ipokee ya Kijapani kungekuwa ukataji mwingine.

Matokeo

Jioni 4 za kazi, euro 47 za vitu. Ekseli ilizunguka kimya. Mzee aliizunguka karakana mara mbili na kurudi akiwa ameshikilia kofia.

Jumapili iliyofuata alipokuwa anateremka mlima nje ya mji, alishika breki kwa nguvu na usukani ukazunguka ndani ya shingo yake. Mikono ilishuka ghafla, kifua kikaja mbele. Hakuanguka. Alishuka, akatembea nayo kilomita 5, akanipigia simu kwa sauti ya upole iliyoniuma kuliko matusi.

Shingo mpya ilikuwa ya usukani wa 25.4. Usukani wa zamani wa Kifaransa ni 25.0. Ulibana ukisimama, ukaachia ukibebeshwa mtu. Nilikuwa nimepima ncha moja ya shingo ile mara thelathini, ncha ya pili sikuipima hata mara moja. Tuliweka usukani wa 25.4 kwa gharama yetu.

Halafu, baada ya takriban kilomita 300, kikombe cha kulia kilikuwa kimelegea robo mzunguko, gundi na nguvu zote zile. Tukakikaza upya. Hakijasogea tena, lakini kila miezi mitatu nakiangalia.

Uchambuzi

Anza na kikombe hicho, kwa sababu hapo lawama ni ya haki. Shika penseli ndani ya ngumi iliyolegea, kisha zungusha ncha yake duara kufuata saa: penseli yenyewe itajiviringisha kinyume. Gololi humfanyia kikombe vivyo hivyo. Unapopiga pedali, ekseli huzunguka kufuata saa ukiitazama kutoka kulia, na kikombe cha kulia husukumwa kidogo kidogo kinyume. Thredi ya Kiingereza, ikiwa ya kinyume, hujikaza. Ya Kifaransa hujifungua. Wahandisi wa Ufaransa walichagua nambari safi, 35 kwa 1, dhidi ya inchi 1.370 kwa meno 24 kwa inchi, wakapata kipimo kinachokaa kichwani na kikombe kisichokaa kwenye fremu.

Lakini Waitaliano nao wana thredi zote za kawaida. Baiskeli za Kiitaliano, zile ambazo watu wanazitundika ukutani kama picha za harusi, zina kasoro hiyohiyo, na sijamsikia fundi akimwambia mteja kwamba baiskeli za Kiitaliano ndivyo zilivyo. Anakaza kwa nguvu, basi. Tofauti ninayoiona mimi ni spea. Kipimo cha Kiitaliano kilibaki hai. Vikombe vyake unavinunua leo. Viwanda vya Ufaransa mwanzoni mwa miaka ya 1980 vilianza kuhamia vipimo vya wengine, na kila baiskeli iliyotengenezwa kabla ya hapo ikawa yatima. Gia za Kijapani zilikuwa zimeshafika, zinaingiza kwa uhakika na bei ni ya mtu wa kawaida, na hakuna aliyebaki wa kuitetea plastiki. Sifa mbaya iliota hapo, kwenye viungio. Fremu ya Mzee haikuwa na kosa hata moja, na kuisema mkweche kwa sababu ya kikombe ni kumhukumu mtu kwa kiatu.

Duka lilikosea kwa kutegemea sifa hiyo mbaya. Fundi alipoona chuma hakitii, alikuwa na maelezo tayari mfukoni, kwa hiyo hakuhitaji kuuliza kwa nini. Mimi nilikosea kwa namna iliyo karibu na yake kuliko ninavyopenda kukiri. Nilikuwa najua vipimo vya Kifaransa kwa moyo, nikavitamba mbele ya wenzangu, na mara mbili ujuzi huo ulisimama mahali pa kupima: kwenye muhuri wa kikombe, na kwenye usukani. Kosa la pili lingeweza kumtoa Mzee meno. Sasa shingo ya usukani haifungwi kwetu kabla venia haijapita ncha zote mbili na vipimo kuandikwa kwenye karatasi ya kazi, na anayefunga si anayesaini.

Kilichofaa ni udongo. Dakika 5, bure, na ulijibu swali ambalo siku nne za mafuta na misuli hazikulijibu. Kuuliza kwa mwenzangu pia kulifaa, ingawa kulikuja baada ya mimi kupiga kelele.

Kuhusu pedali, bado hatujakubaliana. Yeye anasema krenki ile ilikuwa nzima miaka karibu hamsini mpaka nilipoiona. Mimi nasema goti la Mzee ni la zamani zaidi.

Kabla ya kumrudishia baiskeli niliilaza chali, nikakwangua uchafu chini ya bomba la ekseli, nikaandika kwa kalamu ya rangi nyeusi, herufi ndogo, kwa Kifaransa: *35 x 1, pande zote kawaida, fungua kulia kinyume cha saa*. Mzee akaomba niandike na kwa Kiswahili pia. Nafasi ilikuwa imebaki ya maneno mawili, kwa hiyo nikaandika: *Usikaze, mwanangu*. Akasema maneno ni matatu ukihesabu koma.